Ndoo ya Tiaki Hairudi Tupu

Murdo Baird alikuwa mtu wa bia. Nasema mapema asije mtu akadhani alizaliwa na wiski mdomoni. Miaka yake yote ya kazi aliendesha lori la maziwa, akizunguka mashamba ya ng'ombe huku kusini kabisa mwa Nyuzilandi, na akirudi kwake Riverton, mji ambako upepo wa bahari hauendi likizo, alivua mabuti mlangoni akapitiliza bandani kuitazama bia yake. Aliipika mwenyewe kwa kimea cha shayiri, hamira, na maua ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu wake. Hopsi alizitia bila huruma. Mji mzima ulijua kwamba bia ya Murdo inakunja uso, na walioipenda waliipendea hilo hilo.

Upande wa pili wa uzio aliishi Tiaki Te Au, Mmaori, mvuvi wa kamba mstaafu, mjane, mtu wa maneno haba na magoti mabovu. Kila mwaka ikifika Aprili, Tiaki alivuka kwenda kwenye visiwa vya ukoo wake, ambako asiye wa ukoo haruhusiwi kuvuna kitu, kuchukua makinda ya ndege wa baharini yaliyonenepa mashimoni. Yeye na nduguze waliyanyonyoa huko huko, wakayatia chumvi, wakayapanga ndooni. Mwishoni mwa Mei alirudi, na kabla hata hajafungua mizigo yake mwenyewe alichechemea hadi kwa Murdo, akaweka ndoo nyeupe yenye kifuniko kwenye ngazi ya mlango, akaondoka bila kubisha hodi.

Na ndoo ile hairudi tupu. Hakuna aliyewahi kuitamka sheria hiyo, lakini jaribu kuivunja uone utakavyotazamwa dukani. Mtu akikuletea chakula, chombo chake unakirudisha na kitu ndani, hata kama ni mayai na kabichi moja. Murdo aliirudisha na chupa za bia, mwaka nenda mwaka rudi, na Tiaki hakuwahi kulalamika.

Wala hakuwahi kusifu. Huku hatusifu. Mtu akipakuliwa chakula kikamkonga moyo hadi machozi yakamlenga, atafuta mdomo na kusema, "Si mbaya," na mpishi atalala usingizi mnono usiku huo. Zaidi ya hapo ni kumdhalilisha mwenzako. Waswahili walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu wa Riverton hawajausikia msemo huo tangu wazaliwe, lakini wanauishi kuliko waliousema.

Basi Murdo akastaafu. Mkewe, Noela, ambaye alikuwa na maneno ya kuwatosha yeye na mumewe na jirani, akamwonya mapema kwamba hataki mwanamume wa kukaa jikoni akimfunulia vyungu. Murdo akatafuta cha kufanya. Mzee mmoja kule Gore alikuwa anauza vitu vyake, na miongoni mwa vitu hivyo palikuwa na mtambo mdogo wa kutonesha pombe kali, mtungi wa shaba wenye shingo ndefu na bomba la kupoozea mvuke. Aliyewahi kuona gongo ikipikwa hahitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba huku serikali haina neno na mtu anayetonesha pombe bandani mwake, mradi asiiuze, kwa hiyo hakuna kujificha kichakani wala kukimbizana na polisi. Murdo aliuleta nyumbani mchana kweupe, akausugua kwa limau na chumvi mpaka akajiona sura yake ndani.

Sasa hapa ndipo alipoteleza, na ni mtelezo wa mtu wa bia tu. Mlevi wa kawaida asingeuweza. Bandani mlikuwa na bia yake tele ambayo haijatiwa chupani. Akajisemea, wiski inatokana na pombe ya shayiri, na hii si pombe ya shayiri? Ya nini kupika upya? Akaimimina yote mtungini, hopsi na mambo yake yote, akawasha moto chini. Kilichotona kilikuwa cheupe kama maji ya mvua, kikali, na kina ladha ya ajabu ya majani na sabuni. Murdo alionja, akakohoa, akajiambia kwamba pombe kali ndivyo zilivyo zikiwa changa. Mapenzi hayana macho. Akachagua chupa nzuri, akaifunga uzi mwekundu shingoni, akaitumbukiza kwenye ndoo ya Tiaki na kuirudisha mwenyewe kwa mkono wake.

Siku chache baadaye wakakutana penye uzio. Tiaki akatazama mabuti yake, akatazama mawingu, akakohoa kidogo.

"Ile wiski yako, Murdo," akasema. "Nzuri sana. Nzuri kweli kweli."

Ujirani wote ule, chupa zote zile, Murdo hajawahi kusikia neno hilo likitoka kwenye kinywa kile. Alijua papo hapo kwamba amevishwa kilemba cha ukoka, na kwamba aliyemvisha amefanya hivyo kwa huruma, na huruma ya jirani inauma kuliko tusi. Akaingia ndani bila kufuta miguu.

"Kasemaje?" Noela akauliza.

"Kasema nzuri sana."

Noela akaweka chini mwiko. "Pole, mzee wangu," akasema.

Ukweli ulijitokeza wenyewe baada ya wiki moja hivi, Murdo alipokwenda kuazima toroli. Mlango wa banda la Tiaki ulikuwa wazi. Juu ya rafu, katikati ya mafuta ya taa na dawa ya kutolea kutu, ilisimama ile chupa yenye uzi mwekundu, imepungua nusu, na kando yake kopo lenye brashi za rangi zimelowekwa. Murdo akasimama akiitazama. Nyuma yake akasikia magoti yakilia, akajua mwenyewe amefika.

Tiaki akasema, "Inatoa rangi vizuri. Hata ile ya mashua."

Murdo alicheka mpaka akashika ukuta. Tiaki naye, alipoona mwenzake anacheka, akafunguka. Alisema bwana wewe, kinywaji gani kile, yeye alidhani amepewa dawa ya kuogeshea kondoo, na kwamba alijitahidi glasi moja nzima kwa ajili ya ujirani na asubuhi bado alikuwa anabeua majani. Akauliza kwani alitia nini. Murdo akasema alitia bia yake.

"Ile ya hopsi?"

"Ile ile."

Wote wawili wakaitazama ile chupa, wakifikiria. Mafuta ya hopsi yanapanda na mvuke, hilo hata mtoto angelijua kama angekaa akawaza, na yakitoka ng'ambo ya pili ya bomba yametoka yamekolea. Kwenye bia huo ndio utamu wenyewe. Kwenye wiski ni mkosi.

Kuanzia hapo Murdo akaanza upya, na safari hii alianza kwa unyenyekevu. Hopsi akazifungia kabatini. Akalowesha shayiri, akaiacha iote, akaikausha kwa moshi wa kuni za manuka, mti wa huku ambao moshi wake unanukia asali na dawa ya kifua kwa pamoja. Akapika uji wake, akautia hamira, akausubiri uchachuke. Halafu akakaa kwenye kigoda mbele ya bomba na kujifunza lile ambalo halifundishiki, kujua wapi pa kukata. Kinachotangulia kutoka wanakiita kichwa. Kinanuka rangi ya kucha na kinadhuru, kinamwagwa. Kinachofuata ni moyo, na huo ndio unaowekwa. Mwishoni unakuja mkia, mzito, unanuka mbwa aliyenyeshewa, nao unatengwa. Mpaka baina ya moyo na mkia hauna alama. Unatonesha kiganjani, unasugua, unanusa. Ukichelewa kidogo umeharibu, ukiwahi kidogo umejidhulumu.

Tiaki alizoea kuja siku hizo za kutonesha. Aligeuza kreti la kamba, akakaa juu yake na kunyoosha miguu kuelekea motoni. Murdo alimpa kiganja chake anuse, Tiaki akanusa, akatikisa kichwa au akanyanyua nyusi, basi. Noela alikuja kuwachungulia akasema anasikia kelele zao mpaka jikoni. Hawakuwa wamesema neno tangu asubuhi. Murdo alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuipata popote, hata barabarani siku za kiangazi ambapo milima inaonekana yote. Majira ya kuchipua, mwezi wa Septemba, akaujaza moyo wa wiski ile kwenye kipipa cha mwaloni, kidogo, cha kubebwa na mtu mmoja, akakiziba. Alipiga hesabu akaona itaiva baada ya miaka mitatu. Haikumsumbua. Alikuwa na muda, na jirani alikuwepo.

Kumbe jirani hakuwa na muda. Kiangazi, siku moja wanatonesha mtungi mwingine, Tiaki akasema bila kugeuza shingo kwamba binti yake, Mereana, amemtengenezea chumba kule Nelson, juu kaskazini kwenye jua, nyumba isiyo na ngazi. Baada ya ndege wa mwaka huu atahamia huko. Magoti yameshaamua. Visiwani ataendelea Mereana na watoto wake.

"Kwa hiyo ndoo ya mwaka huu," akasema, "ndiyo ya mwisho nitakayoileta mimi."

"Sawa," Murdo akasema, akaendelea kutazama bomba linavyotona. Haikuwa sawa hata kidogo. Alihisi kama ameambiwa nyumba yake itang'olewa ukuta mmoja. Na siku ile aliuacha mkia ukaingia kwenye moyo, akaharibu kazi yote, Tiaki akiona.

Kuanzia hapo Murdo akawa na jambo moja tu kichwani. Ndoo ya mwisho lazima irudi na wiski, wiski ya kweli. Alishaapa moyoni kwamba Tiaki hataondoka Riverton akiwa na kumbukumbu ya dawa ya kondoo. Lakini wiski haiambiwi kimbia. Kutoka Septemba hadi Mei ni nini? Wiski ya umri huo bado inanyonya.

Akajaribu ujanja. Alichoma vipande vya mwaloni, akavitumbukiza kwenye chupa ili vikoleze upesi, na baada ya wiki kadhaa akaonja akapata ladha ya lango la zizi. Akajaribu kuiweka chupa karibu na jiko, ikapata rangi na kupoteza adabu. Noela, aliyechoka kumwona anazungukazunguka, akamshauri anunue chupa nzuri dukani, kwani Tiaki atajuaje? Murdo akamtazama mkewe kana kwamba amemshauri aibe.

Aprili Tiaki akavuka. Mwishoni mwa Mei akarudi. Murdo alisikia magoti yakipanda ngazi, akasikia ndoo ikitua, akasubiri hatua ziondoke kama kawaida. Mwaka huo Tiaki akabisha hodi.

Murdo akafungua. Walisimama wakitazama ndoo.

"Ndoo hiyo," Tiaki akasema.

"Nimeiona."

"Naondoka Jumamosi."

Akashika mkongojo wake akashuka ngazi, na Murdo akasimama pale mlangoni mpaka upepo ukampiga mlango usoni.

Makinda aliyachemsha uani, maana Noela hakubali mafuta yale yenye harufu ya samaki na kondoo yaingie jikoni mwake. Aliyabadilishia maji mara kadhaa kuondoa chumvi, akayala na viazi. Yalikuwa matamu, na alihuzunika kwa kila tonge. Kisha akaiosha ndoo, akaifudikiza ikauke, akaenda bandani kwenye kipipa. Akachomoa kizibo, akavuta kidogo kwa mrija, akaonja. Moto mtupu. Ila chini ya ule moto palikuwa na kitu. Palikuwa na moshi wa manuka, na ukoko wa mkate, na asali ambayo bado haijaamua kuja. Ilikuwa njiani. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba ilikuwa njiani.

Noela akamkuta amekaa kwenye kreti la Tiaki. Alimletea chai na mikate ya jibini iliyokunjwa na kuchomwa, akakaa naye, jambo ambalo si kawaida yake kule bandani.

"Tia bia, basi," akasema. "Bia ameizoea."

"Mwaka huu si bia."

"Murdo, kuna ubaya gani? Unamrudishia mtu ndoo yake, anakwenda zake kwa heri, hakuna anayemdai mwenzake. Mmemalizana."

Murdo alikuwa ameshaupeleka mkate mdomoni. Akaurudisha kwenye sahani. Mmemalizana. Kumbe miezi yote hiyo amekuwa akihangaika kutafuta kitu kizuri cha kumalizana nacho, na yeye hataki kumalizana kabisa.

"Noela," akasema, "wewe una akili sana."

"Hilo nalijua," Noela akasema, "lakini nimesema nini?"

Jumamosi ikaamka na mvua. Mereana alikuwa amekuja na gari la mizigo, wakapakia kitanda, sanduku, nyavu ambazo hazitatupwa tena na picha ya marehemu mama yake. Tiaki alikuwa amesimama chini ya upenu amevaa kofia yake ya Jumapili. Akamwona Murdo anakuja na toroli, na juu ya toroli kuna kitu kimefunikwa kwa koti la mvua, lile zuri, ambalo Murdo mwenyewe hakulivaa. Analowa.

"Ndoo yangu iko wapi?" Tiaki akauliza.

"Inabaki."

"Inabakije? Ndoo yangu hiyo, bwana."

"Ndiyo, ni yako. Na mimi bado sijapata cha kuitia. Siwezi kukurudishia tupu. Itakaa kwangu mpaka nipate."

Tiaki akamtazama. Akanyoosha mkongojo, akalifunua koti kwa ncha yake, akakiona kipipa.

"Na hiki?"

"Wiski. Haijaiva. Huko uendako kuna jua, labda itawahi, lakini usiiguse kwa miaka mitatu. Iweke mahali pakavu. Ikishaiva unywe, kisha pipa unirudishie."

"Tupu?"

"Jaribu uone."

Mvua iliwanyeshea. Mereana alifungua mdomo kusema kwamba gari limeshajaa, akawatazama wazee wale wawili, akaufunga. Tiaki alikuwa anapapasa mbao za kipipa, mshono kwa mshono, kama anayekagua mtego.

"Miaka mitatu, Murdo," akasema polepole. "Mimi, na magoti haya."

"Magoti hayanywi wiski."

"Mtu anaweza kufa kabla."

"Utakufaje una pipa la watu?"

Tiaki akacheka. Alicheka kwa sauti, mtu ambaye kicheko chake majirani wengine hawakijui, na mabega yakamtikisika, na maji yaliyokuwa usoni mwake si yote yalikuwa ya mvua. Kisha akasema kwamba hawezi kubeba mzigo mpaka Nelson bila kujua ni nini, isije ikawa ni ile ya kondoo. Murdo akachomoa kizibo. Akavuta kwa mrija, akatonesha kwenye kifuniko cha chupa ya chai ya Mereana.

Tiaki akanusa. Akanywa. Akaishikilia kinywani, akitazama kule mto unapoingilia baharini, na kwa Murdo ule muda ulikuwa mrefu kuliko miaka mitatu. Aliomba kimoyomoyo. Asiseme nzuri. Aseme lolote, atukane akipenda, ila asiseme nzuri.

Tiaki akameza. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Si mbaya," akasema.

Halafu akageuka na kumwagiza Mereana atoe sanduku la nguo kiti cha mbele alipeleke nyuma, juu ya kitanda, linyeshewe huko huko. Kipipa kikapandishwa mbele, katikati ya baba na binti, kikafungwa mkanda. Gari likaondoka. Hakuna aliyepunga mkono, maana huku hatupungi sana, lakini lilipofika kona honi ilipigwa.

Murdo akarudi kwake na toroli tupu, amelowa mpaka chupi. Akaipitia ndoo pale ilipokuwa imefudikizwa, akaifunika kifuniko chake, akaiingiza jikoni na kuiweka juu ya kabati. Noela alikuwa anamenya viazi. Alikuwa ameona yote dirishani, asichosikia ni maneno.

"Kasemaje?"

Murdo akavuta kiti akakaa.

"Kasema si mbaya."

Noela akaacha kumenya. "Kasema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Noela akachukua taulo iliyokuwa ikikauka juu ya jiko, akaanza kumfuta mumewe kichwa.

"Basi anza kufikiria," akasema, "utatia nini kwenye hiyo ndoo."